Baada ya Salamu

Simu yangu ina jumbe 214 ambazo sijazifungua. Nalisema mapema ili yeyote aliyeniandikia tangu Jumapili asijione ametengwa. Hujatengwa, ndugu. Uko kwenye foleni, katikati ya mtu anayeuza nguo za mtumba na mtu aliyegundua kwamba maji ya mdalasini yanatibu kila kitu isipokuwa ugonjwa wa kusambaza habari za mdalasini.

Babu yangu hakuijua shida hii. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka mwaka 1923, mara moja kwa mwezi, na kwa babu, kule nyuma ya Muheza kwenye mashamba ya mkonge, nakala ilimfikia ikiwa imeshapita kwa mwalimu, kwa karani na kwa mpishi wa karani. Ilikuwa laini kama kitambaa cha kufutia taa. Alilisoma lote. Alisoma mashairi, na humo ndimo alimokutana na ya Shaaban Robert, ambaye alimwita "kijana wetu" kwa sababu tu wote ni watu wa Tanga. Alisoma barua za wasomaji wa wilaya ambazo hajawahi kuzikanyaga. Akimaliza alisoma jina la mchapishaji, akalikunja, akasubiri mwezi ujao. Hakuna siku babu alikaa kitandani akijiuliza asome lipi aache lipi. Lilikuwa hilo hilo.

Na redio ilikuwa hiyo hiyo. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, matangazo ya vifo yakianza nyumba nzima inanyamaza, hata kuku walikuwa wanafukuzwa uani wasipige kelele. Ukitaka kujua kama aliyefariki ni wenu, ilibidi uwasikie na wa wenzio wote: marehemu wa Mpwapwa, marehemu wa Kasulu, na wale waliopo popote walipo wanaoombwa wafike haraka. Redio hairukwi. Leo mwanangu anaruka hata wimbo anaoupenda ili afike kwenye wimbo anaoupenda zaidi, kisha nao anauruka.

Mimi nimo katikati. Nina miaka 58. Nililelewa nisome kila kitu, nimezeekea mahali ambapo kusoma kila kitu ni kujiua.

Asubuhi yangu huanza kwa mama mmoja pale kituoni Segerea anayeuza vitumbua. Vitumbua vyake havina mjadala. Tatizo ni karatasi, maana anafungia kurasa za magazeti ya zamani, kwa hiyo yeye ndiye mhariri wangu wa siku. Siku moja alinipa nusu ya habari ya bwana mmoja aliyekutwa usiku wa manane juu ya paa la nyumba ya mkwewe, na alipoulizwa anafanya nini pale alijibu kwamba. Karatasi ikaishia hapo. Nilirudi nikanunua vingine viwili ambavyo sikuwa na tumbo la kuvila, kwa tumaini la nusu ya pili. Nikapewa ratiba ya mechi za mwaka juzi. Mpaka leo yule bwana yuko juu ya paa.

Nikishuka mjini ninapita kwenye meza ya magazeti. Pale tunasimama sisi wasomaji wa bure, mikono nyuma, shingo mbele, kama watu wanaomtazama maiti kwa heshima. Kuna adabu zake. Huruhusiwi kugusa. Ukigusa, kijana muuzaji anakuuliza kwa upole wenye sumu, "Mzee wangu, shikamoo, nikufungie lipi?" Kwa hiyo unasoma ulichoachiwa kuona, na ulichoachiwa kuona ni herufi nyekundu zenye ukubwa wa kiganja: SIRI NZITO YAFICHUKA. Siri ya nani? Uk. 3. Imefichukaje? Uk. 3. Nao ukurasa wa tatu umelala ndani, umekunjwa, unasubiri mwenye pesa. Nimeishi Dar es Salaam miaka 31 na nina habari za nchi hii zilizotimia robo robo.

Sikatai, kuna nyakati kuruka ni dawa. Mimi ni wa Simba. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga 5-1, na kwa wiki mbili zilizofuata nilisoma magazeti kwa kuchagua sana: tahariri, bei za mazao, hata matangazo ya zabuni za kujenga vyoo vya shule. Kurasa za michezo niliziruka kama mtu anavyoruka dimbwi lenye rangi asiyoielewa. Vitumbua nilivipokea mkononi, bila karatasi, nikaungua.

Lakini magazeti na redio ni matatizo ya waungwana. Anayenimaliza ni simu. Nimo kwenye grupu la ukoo, la mtaa, la tuliosoma pamoja, la msikiti, la harusi tatu (mojawapo ilishafungwa, maharusi wana mtoto, kamati bado inadai), na moja ambalo sijui ni la nini ila kila nikitaka kutoka mtu anafariki na inaonekana vibaya. Wenye WhatsApp waliliona hili. Mwaka 2019 walitangaza kwamba ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya sehemu tano kwa mkupuo mmoja, na Aprili 2020 wakabana zaidi: ule ulioshapita mikono mingi, wenye mishale miwili, unakwenda sehemu moja tu kwa wakati. Walidhani wamewaweza watu. Hawamjui shangazi yangu. Shangazi ana miaka 79, ameshavuna, ameshazika, hana haraka. Anatuma sehemu moja. Anatuma sehemu ya pili. Anakunywa chai. Anatuma sehemu ya tatu.

Kisha kuna zile alama mbili za bluu. Mtu akifungua ujumbe, kwa mtumaji vijialama vinageuka bluu. Maana yake halisi ni kwamba kidole chako kimegusa kioo. Lakini kwa watu wa rika la shangazi bluu mbili ni sahihi ya mkono: umesoma, umeelewa, umekubali, na kama kuna gharama utalipa.

Sasa mpwa wangu, ambaye anasomea ukutubi chuoni, alikuja kutusalimia akanikuta sebuleni natazama simu kama mtu anayetazama lundo la vyombo vichafu.

"Mjomba," akasema, "kuna kanuni."

Akanieleza habari za mkutubi mmoja wa Seattle huko Marekani, Nancy Pearl, aliyewapa wasomaji ruhusa ya kuacha vitabu. Soma kurasa 50. Kisipokukamata, kiweke chini bila kuomba radhi. Na ukishavuka miaka 50 mwenyewe, chukua 100, toa umri wako, jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Kadiri unavyozeeka ndivyo deni linavyopungua, maana na siku zako zinapungua. Ukifika miaka 100 unaruhusiwa kukihukumu kitabu kwa jalada lake.

Niliipenda kanuni ile kama mtu aliyesamehewa mkopo. Mtu wa miaka 58 anadaiwa kurasa 42, basi. Kwa vile vitabu vyenyewe siku hizi nasoma vya hesabu za ofisi tu, nikaihamishia kwenye simu: badala ya kurasa, maneno. Kila ujumbe nitaupa maneno 42. Ukishindwa kunikamata hapo, tunaagana.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu huru. Mdalasini nilimwacha kwenye neno la 9. Mtu wa tiba ya kitunguu saumu hakufika hata kwenye saumu. Jumbe za kamati za harusi niligundua zinapendeza mno zikikatwa pale, kwa sababu hadi neno la 42 kamati huwa bado haijataja pesa. Inakuwa hadithi fupi ya vijana wawili waliopendana na wazazi waliofurahi, nawe unaifunga ukiwa na moyo mweupe. Nililala mapema. Nilianza hata kuongea na watoto.

Jumanne ikaja ujumbe wa shangazi, yaani dada wa marehemu baba, kutoka Muheza. Nauweka hapa kama nilivyousoma, na msomaji ahesabu mwenyewe akitaka:

"Assalaam aleikum mwanangu. Natumaini u mzima wa afya, wewe na mkeo na watoto na wote waliomo nyumbani. Sisi huku Muheza hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua zinanyesha, matope hayana mfano. Bibi yako mdogo anakusalimu sana. Mzee wa msikitini naye anakusalimu. Jirani yetu wa chini"

Neno la 42 ni "chini". Jirani wa chini ya nini, sikujua, na kanuni haikuniruhusu kujua. Nikafunga. Huko Muheza vijialama vikageuka bluu.

Zikapita wiki mbili. Kuna kijana alinipigia mara tatu siku ya kwanza, lakini namba nisizozijua sipokei. Hiyo nayo ni kanuni, niliitunga mwenyewe bila msaada wa Marekani. Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya magharibi, shangazi akampigia mke wangu. Nikiwa kwenye kiti nikawasikia wakisalimiana. Habari za huko, njema, za watoto, njema, za kazi, njema, za tangu siku zile, njema tu shangazi, na za mvua, na za mguu. Nikasinzia. Nilipoamka walikuwa wanakaribia katikati.

"Na machungwa je, mkwe? Yalikuwa matamu?"

Mke wangu hakuwa ameona chungwa, wala ganda, wala mbegu. Lakini ni mtu wa Pangani, na mtu wa Pangani hamwachi mkubwa wake ananing'inia. Akajibu palepale, bila hata kumeza mate:

"Matamu mno, shangazi! Watoto wameyagombania mpaka nimeyaficha."

Kisha akaifunika simu kwa kiganja, akanigeukia kwa macho ambayo katika miaka 29 ya ndoa nimeyaona mara nne.

"Baba Zainabu. Machungwa gani?"

Nikaufungua ujumbe. Jirani alikuwa wa chini ya mwembe. Alinisalimu. Baada yake walinisalimu mtoto wa jirani, fundi aliyeezeka banda, na mwanamke mmoja niliyesoma naye darasa la tatu ambaye sasa ana wajukuu. Ndipo, kwenye neno la 118, bila kupiga hodi, bila hata kubadilisha aya: basi la asubuhi limebeba kiroba chako cha machungwa, kondakta ni mtoto wa hapa nyumbani, kakipokee stendi ya Mbezi leo jioni maana yameiva. Halafu salamu zikaendelea.

Jumamosi nilikwenda Mbezi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza: tarehe, basi, rangi ya kiroba. Haikuhitajika. Nilipochungulia tu kwenye stoo ya mizigo, kijana akaacha kula.

"Mzee, ndiye wewe wa machungwa?"

Nyuma yake wakasimama wawili wengine kunitazama. Nikafahamu kwamba nimezungumzwa. Kiroba kilikuwa chini kabisa, juu yake magunia ya watu, pembeni dagaa, na stoo ile haina dirisha. Machungwa ya Muheza yana maji mengi, ndiyo sifa yake, na kwa wiki mbili maji yale yalikuwa yametafuta njia. Nyuki walishahamia. Nililipa gharama za stoo, nikamlipa kijana mwenye tolori akipeleke kiroba jalalani, na kabla hajaondoka nikaingiza mkono nikaokoa saba. Niliyabeba kwenye mfuko wa plastiki hadi Tabata, nimeyapakata, na abiria wawili wakahama viti.

"Saba," mke wangu akasema. Akayapanga mezani kama ushahidi.

Jumapili nzima nilikaa na lile jambo, nikaona kosa si langu peke yangu. Kanuni ya yule mama wa Seattle ni nzuri, ila imetungwa kwa watu wanaoanza na jambo lenyewe. Waandishi wetu wa habari nao hufundishwa hivyo: nani, nini, lini, wapi, vyote viwe juu kabisa, yasiyo na uzito yashuke chini, ili nafasi ikiwa ndogo mhariri akate kuanzia mkiani. Wanaiita piramidi iliyopinduliwa. Piramidi ya shangazi haijapinduliwa. Imekaa kitako kama zile za Misri. Juu salamu, chini mzigo, na ukikata chini umekata machungwa.

Na si shangazi tu, sisi sote tumeandika hivyo. Aliyekwenda shule miaka yangu anakumbuka barua ya kirafiki ilivyokaa: salamu nyingi kama mchanga wa pwani, hali yangu ni nzuri sijui wewe mwenzangu, kisha "baada ya salamu" kwenye mstari wake, na hapo tu ndipo mtu anaruhusiwa kuwa na shida. Kuanza na shida ni utovu wa adabu. Mtu anayebisha hodi na kusema palepale "naomba elfu ishirini" tunamhofia, tunadhani amefukuzwa na polisi. Mwenye malezi anakaa, anapewa maji, anauliza habari za mahindi, anasifu pazia, anaaga, anasimama, anafika mlangoni, anageuka. Ile ya kugeuka ndiyo elfu ishirini.

Kwa hiyo nikatunga kanuni ya kwetu. Katika barua zetu, nikajiambia, habari haiko mwanzoni wala mwishoni: iko baada ya neno "ila". Nakumbuka mwaka 1984 baba alipokea barua kutoka kijijini, kurasa mbili za mwandiko wa kulala. Akatusomea kwa sauti. Wote wazima, mahindi mazuri, ng'ombe amezaa, paa limezibwa, tunamshukuru Mungu kwa yote, ila mzee tulimzika wiki iliyopita. Mama akapiga yowe na baba akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi. Kulikuwa na zaidi: salamu za kufungia. Mzee mwenyewe alikuwa kaka yake babu.

Basi, nikasema, tafuta "ila", soma kinachofuata, acha mengine. Simu ina sehemu ya kutafutia neno. Nikaandika herufi tatu, i, l, a, nikabonyeza, nikasubiri siri za ukoo na mtaa zimiminike.

Zikamiminika habari za Ilala. Mimi naishi Tabata, Tabata iko Wilaya ya Ilala, na grupu la mtaa halina tangazo lisilotaja wilaya. Taka zitazolewa, Ilala. Chanjo ya polio, Ilala. Amepotea mbuzi mweusi mwenye doa, Ilala. Nilisoma ya mbuzi hadi mwisho, maana ilikuwa na ufundi (alipatikana, alikuwa kwa mjumbe). Za shangazi haikutoka hata moja. Nilikuja kumuuliza mke wangu kwa nini shangazi haandiki "ila", akanishangaa kama niliyeuliza kwa nini samaki haendi haja kwenye choo cha shimo.

"Ila ni neno la msiba, Baba Zainabu. Mtu mzima analianzaje hivi hivi?"

Mke wangu yeye hana kanuni. Simu yake iko jikoni, juu ya friji, uso chini. Hasomi. "Jambo likiwa kubwa litanifikia," anasema, na linamfikia: kwa muuza mchicha, kwa fundi cherehani, kwa mwanamke anayesuka watoto. Juzi alijua bei ya sukari imepanda kabla ya duka la jirani kujua. Inaudhi kuishi na mtu wa namna hiyo. Mimi nasoma kutwa, macho mekundu, halafu naambiwa habari na mtu ambaye alikuwa anamenya vitunguu.

Nilijaribu pia kuchagua kwa mtumaji. Hii haikudumu. Nina fundi bomba ambaye kila siku saa kumi na mbili asubuhi hunitumia picha ya ua waridi lenye umande, imeandikwa "Asubuhi njema". Nikamweka kwenye kundi la watu ambao siwafungui. Asubuhi moja chini ya waridi aliongeza maneno yake mwenyewe, kwamba mzee samahani, jana nililegeza nati ya tangi lako la juu nikaitwa kwa dharura, usifungulie maji mpaka nirudi. Nilifungulia maji. Dari la chumba cha wageni sasa lina ramani, na mjukuu wangu anasisitiza kwamba ni Afrika.

Na msinitajie vigezo na masharti. Ninyi mliowahi kununua bando bila kuvisoma nyoosheni mikono. Mmeona. Redioni vinasomwa kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na nyuki, vigezonamashartikuzingatiwa, pumzi moja, na taifa zima limekubali. Tunajua kabisa kwamba humo ndimo yalimo machungwa yenyewe, mazuri au mabovu, na hakuna anayegeuka.

Turudi kwa shangazi, maana uongo wa matamu-mno ulikuwa unanikaa kooni. Mke wangu alinionya nisimwambie. "Nimeshasema matamu. Ukisema yameoza utanifanya mimi nani?" Hoja ilikuwa nzito. Lakini kumdanganya dada wa baba yako, mwenye miaka 79, aliyekwenda mwenyewe shambani na panga kwenye matope yasiyo na mfano, hilo nalo ni jambo mtu anaweza kuulizwa siku fulani mbele ya watu wengi. Nikaamua kumwandikia ukweli, kwa adabu zote, nikaiacha kanuni ya Seattle ilale.

Nilitumia jioni nzima. Nilianza na salamu. Nilimsalimu yeye, nikamuulizia mguu, nikamsalimu bibi mdogo, mzee wa msikitini, jirani wa chini ya mwembe na mtoto wake, fundi wa banda, na yule niliyesoma naye darasa la tatu. Nikaulizia mvua. Nikasifu malezi aliyonipa, jambo la kweli kabisa. Ndipo, baada ya salamu, nikalitoa: kwamba ujumbe wake sikuusoma wote, kwamba kiroba kilikaa wiki mbili, kwamba nimeokoa saba na hayo saba kwa hakika ni matamu, kwa hiyo mkwe wake hakusema uongo ila alitangulia tu, na kwamba naomba radhi kutoka chini ya moyo. Neno "ila" nililitia mara mbili. Nikaomba pia asitume mengine mpaka tupange. Nikausoma tena, nikaona hata babu angeukubali. Nikautuma.

Vijialama vikageuka bluu baada ya dakika mbili.

Jibu likaja kesho yake, baada ya alfajiri. Liliandikwa na mjukuu wake, kwa amri yake, na lilikuwa fupi kuliko chochote alichowahi kunitumia.

"Mwanangu, salamu zako zote zimenifika, nimefurahi sana. Na za watu nimezipeleka nyumba kwa nyumba. Hayo mengine uliyoandika chini ni marefu na miwani yangu unajua ilivyo. Kwa vile mmeyapenda nimepakia viroba viwili leo. Maelezo ya basi nimekurekodia kwa sauti."

Chini yake ilikuwepo sauti. Dakika tisa na sekunde arobaini.

Simu hizi zina kitufe cha kuiharakisha sauti mara mbili. Nilikibonyeza. Shangazi akageuka vigezo na masharti. Sikuambulia hata jina langu. Nikairudisha kwenye mwendo wake wa kawaida, mwendo wa mtu anayepepeta mchele, nikavaa viatu nikiwa nasikiliza, nikampa ishara mke wangu anitafutie nauli. Yeye akauliza kwa midomo tu: basi gani, saa ngapi? Nikamwonesha kiganja, asubiri.

Niko dakika ya sita. Ndiyo kwanza tumefika kwa jirani wa chini ya mwembe.